Chombo Kitupu Nacho ni Mali

Mwananchi apitaye bandarini Malindi asubuhi huiona shehena ikishuka: matenga ya nyanya, magunia ya vitunguu na viazi, mapolo ya mchele, kreti za soda, na makontena yaliyosheheni bidhaa za viwandani. Kila mtu huuliza bei ya kilichomo. Ni wachache mno waulizao habari za kile kilichobeba. Leo tunataka kukisemea hicho kilichobeba, kwa kuwa tunaamini kwamba sehemu ya bei inayolalamikiwa kila siku Darajani na Mwanakwerekwe haitokani na nyanya wala kitunguu, bali yatokana na tenga, gunia na kreti.

Tuanzie mbali kidogo na bahari. Berega ni kata iliyomo wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro, pembezoni mwa milima ya Ukaguru, si mbali na barabara kuu iendayo Dodoma. Wengi huijua kwa hospitali yake ya misheni. Wakulima wake hulima mahindi, alizeti na mbaazi. Na Dumila, iliyo kwenye barabara hiyo hiyo, inajulikana na kila msafiri kwa nyanya zake. Mazao ya wilaya kama hiyo hushuka kwa malori hadi Dar es Salaam, na sehemu yake huvuka bahari kuja kulisha Visiwa hivi.

Sasa tulifuate tenga moja. Mkulima hulinunua au hulisuka mwenyewe kwa fito alizokata mlimani. Hulijaza nyanya, akalikabidhi kwa dalali. Dalali humkabidhi mwenye lori, mwenye lori mtu wa sokoni, mtu wa sokoni mwenye chombo cha bahari, na huyo humkabidhi mfanyabiashara wa Unguja. Katika kila mkono nyanya zina mwenyewe, tena mwenyewe mkali anayezihesabu. Tenga halina mwenyewe. Likifika sokoni na kumwagwa, hutupwa nyuma ya soko au huwa kuni. Juma lifuatalo fito nyingine hukatwa Ukaguru, tenga jingine husukwa, na gharama yake huongezwa juu ya bei ya nyanya. Mnunuzi wa Visiwani hulilipia tenga hilo kila siku ya Mungu, naye halipati abadani. Mkulima hulilipia vilevile, kwa kuwa dalali humpunguzia bei kwa sababu ya nyanya zitakazopondeka njiani.

Na kupondeka zinapondeka. Tenga ni refu kwenda chini, na nyanya za chini hubeba uzito wa zote zilizo juu yake. Mbavu zake zina makali. Likipangwa juu ya jingine, la chini huelemewa, kwa kuwa halina nguzo za kupokea mzigo. Kreti ya plastiki yenye matundu hupitisha hewa, huoshwa, na ikipangwa juu ya nyingine uzito hushukia kwenye kuta zake badala ya nyanya. Hayo si maarifa mageni, wafanyabiashara wanayajua. Lakini mfanyabiashara anunuaye kreti mia huuliza swali moja la haki: zitarudi? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo.

Wazee wetu walikuwa na pakacha. Lilisukwa kwa makuti katika dakika chache, likabeba mihogo na maembe hadi mjini, na lilipotupwa likawa udongo. Pakacha halikuhitaji kurudi, kwa sababu halikumgharimu mtu kitu wala halikumdhuru mtu. Kisha likaja debe. Lilikuja na mafuta ya taa, mafuta yakaisha, debe likabaki. Likateka maji, likapima nafaka, likawa kipimo chenyewe katika Afrika Mashariki nzima, hata leo mtu husema debe la mahindi akaeleweka kuanzia Kilosa hadi Konde. Watu wetu, basi, hawafundishwi thamani ya chombo kitupu. Walikuwa nayo kabla ya wataalamu.

Gunia nalo lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni ya Kilosa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Ulienea Tanga na kando ya reli ya kati, na mashamba ya Kimamba wilayani Kilosa yakawa miongoni mwa yaliyojulikana. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za katani. Kisha nyuzi za plastiki zikashika soko la dunia, bei ikaanguka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani 20,000 hivi. Gunia la katani au la juti hushonwa likipasuka, hukung'utwa, huanikwa, likarudi kazini tena na tena. Mfuko wa salfeti uliochukua nafasi yake huchakaa upesi kwa jua, na ukichakaa hutoa nyuzi zinazotapakaa mashambani na pwani. Hatusemi kwamba mfuko huo hauna faida, kwani ni mwepesi na ni rahisi. Tunasema kwamba tulipokihama chombo kinachorudi tulihama pia na tabia ya kukihesabu.

Lakini ipo biashara moja ambayo haikuiacha tabia hiyo, nayo ni soda ya chupa ya kioo. Kreti ina chupa 24. Mwenye duka hapewi kreti iliyojaa ila alete tupu, au aweke fedha ya dhamana. Naye hamruhusu mtoto kuondoka na chupa ila aache dhamana au anywe hapo hapo barazani. Kwa utaratibu huo mdogo, chupa iliyonywewa Nungwi, Micheweni au Berega hurudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa. Haikuwekewa askari wala haikuundiwa kamati. Kinachoirudisha ni kwamba kila aishikaye ana fedha yake ndani yake.

Tusiupambe kupita kiasi utaratibu huo. Dhamana ikiwa ndogo kuliko thamani ya chupa, chupa huuzwa kwingine na hairudi. Ikiwa kubwa mno, mwenye duka mdogo wa kijijini hashindwi kununua soda, hushindwa kununua haki ya kununua soda. Tena chupa ya plastiki isiyorudi imeingia na kuinyang'anya kreti nafasi yake, na gharama ya kuiokota haimo katika bei. Gharama hiyo imo katika fukwe zetu na katika bajeti ya mabaraza ya miji. Hata hivyo funzo lenyewe linabaki: chombo hurudi pale ambapo kutokukirudisha kunamuuma mtu.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa kuwa jambo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la hotuba. Natuchukue mfano wa mfanyabiashara apelekaye kreti 50 za nyanya kila siku. Tuseme kreti moja huchukua siku 8 tangu ijazwe shambani hadi irudi shambani ikiwa tupu. Mtu huyo anahitaji kreti 400, kwa sababu siku zote zitakuwapo mzigo wa siku nane njiani, sokoni, baharini na katika kurudi. Kreti tupu zikilala siku nne zaidi nyuma ya soko, mzunguko huwa siku 12, naye atahitaji kreti 600. Kreti hizo 200 za ziada hazikuleta Unguja hata nyanya moja zaidi. Zimenunuliwa kwa ajili ya kulala tu.

Tuendelee. Tuseme katika kila safari kreti moja kwa kila ishirini hairudi. Watu wataona ni hasara ndogo. Baada ya safari 14, yaani katika muda usiotimia miezi minne, zaidi ya nusu ya kreti zote zitakuwa zimekwisha potea. Hapo mfanyabiashara hurudia tenga, akasema kreti hazifai kwa nchi yetu. Kreti zilifaa. Kilichokosekana ni daftari. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Viwanda vyenye nidhamu huendesha mambo yao kwa hesabu hii hii. Kiwanda hujua kinatumia masanduku mangapi kwa siku, mzunguko wake ni wa siku ngapi, mangapi yamo katika matengenezo na mangapi ya akiba. Kila sanduku lina namba. Likivuka siku zake, huulizwa liliko na aliyelipokea mara ya mwisho. Viwanda vyetu vya sukari, cha Mahonda hapa Unguja na vya Kilombero na Mbigiri kule Bara, viwanda vya soda na vya mafuta ya alizeti, vyote vinategemea magunia, madumu, kreti na mapipa. Kiwanda kikikosa vyombo husimama, hata kama malighafi imejaa ghalani. Na sote tunajua msimu wa mazao unaposimama kwa kukosa magunia hasara humwangukia nani.

Akiba ya vyombo nayo si anasa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mafuriko ya Kilosa yaliiharibu reli ya kati, na treni zikasimama kwa miezi. Januari 2014 maji yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma hapo Magole. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisimamisha safari za boti kati ya Dar es Salaam na Visiwani. Katika kila tukio kama hilo kilichojaa hukwama upande mmoja, na kilicho tupu hukwama upande wa pili. Asiye na akiba ya vyombo hurudi kwenye biashara baada ya wengine wote.

Ziko nchi zilizolitatua jambo hili zamani. Mwaka 1961 mashirika ya reli ya Ulaya yalikubaliana juu ya kichanja kimoja cha mbao chenye vipimo vya aina moja. Aletaye vichanja ishirini vilivyobeba mzigo huondoka na ishirini vitupu, visiwe vile vile alivyoleta, mradi viwe vizima. Hakuna haja ya kukitafuta chako, kwa sababu chochote kilicho kizima ni sawa na chako. Huko ndiko kuuona uzito wa kipimo kimoja. Matenga yetu hayawezi kubadilishana namna hiyo, kwa kuwa hakuna matenga mawili yanayolingana.

Kontena la chuma limetupa funzo hilo hilo, tena kwa ukali. Safari yake ya kwanza iliyobadili biashara ya bahari ilikuwa ya Aprili 1956, pale meli Ideal X ilipopakia makontena 58 kutoka Newark kwenda Houston nchini Marekani. Leo kontena liko kila bandari, ikiwamo yetu. Mwagizaji wa Zanzibar anajua kwamba kampuni ya meli humtaka alirudishe kontena tupu kwa siku zilizowekwa. Siku zikipita hulipa, na kila siku ya kuchelewa ina bei yake. Kwa kuwa Visiwa huagiza zaidi ya vinavyouza nje, makontena mengi huondoka matupu, na gharama ya safari hiyo tupu humo katika bei ya saruji na mchele. Hapa lipo jambo la kutufikirisha. Mgeni huhesabu chombo chake kitupu hadi siku ya mwisho, nasi hulipa bila ubishi. Chombo chetu wenyewe, kilichonunuliwa kwa jasho la mkulima wa Berega na kwa fedha ya mlaji wa Mkokotoni, tunakiacha kioze nyuma ya soko.

Tumesema chombo ni mali. Lazima tuseme pia kwamba chombo ni mizani. Mahali ambapo gunia halina kipimo, mwenye nguvu hulifanya lenye ukubwa autakao. Hiyo ndiyo lumbesa: gunia hujazwa, kisha huongezwa kilemba kwa kamba na kipande cha gunia jingine, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imekataza mazao kufungashwa kwa uzito uzidio kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepiga kelele miaka mingi. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2019, imeweka kilo 50 kuwa mwisho kwa gunia la viazi. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza kwamba mzigo abebao mtu mzima mwanamume usizidi kilo 55. Wachukuzi wetu bandarini na sokoni hubeba zaidi ya hapo kila siku, na migongo yao ndiyo inayolipa. Kreti yenye ukubwa mmoja haiwekwi kilemba. Ikizidi, ile ya juu haikai. Kwa hivyo kreti humlinda mkulima shambani na mchukuzi gatini bila ya kungoja mkaguzi.

Tunajua zipo hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba chombo kitupu hula nafasi ya lori na ya boti sawa na kilichojaa. Hoja hii ni ya kweli kwa kreti isiyokunjika wala kuingia ndani ya mwenzake. Zipo zinazokunjika na zipo zinazoingiana, na hizo tupu hushika sehemu ndogo tu ya nafasi. Ya pili ni kwamba kreti ni ghali. Ni ghali ukiinunua kwa safari moja. Igawe bei yake kwa safari mia, kisha ilinganishe na matenga mia. Ya tatu ni ya wasukaji wa matenga, ambao riziki yao imo humo. Hoja hii tunaiheshimu kuliko zote. Mabadiliko yasije kwa amri ya siku moja, na hao hao wawe wa kwanza kupewa kazi ya kuvipokea, kuviosha, kuvihesabu na kuvitengeneza vyombo. Ya nne ni kwamba watu wetu si waaminifu. Hii tunaikataa. Watu hao hao ndio wanaorudisha chupa za soda.

Basi tunatoa wito, nasi tunautoa kwa Serikali zetu zote mbili. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar zikubaliane juu ya vipimo vya kreti moja au mbili za mboga na matunda, zitakazotambuliwa Bara na Visiwani. Pili, uwekwe utaratibu wa dhamana, wenye kiasi ambacho mkulima mdogo atakimudu na mpotevu atakisikia. Kwa wanaoanza, vyama vya ushirika vikopeshwe vyombo badala ya kila mtu kutakiwa kuvinunua. Tatu, katika kila soko kubwa patengwe mahali palipoezekwa pa kupokelea vyombo vitupu, pakiwa na maji, mizani na karani mwenye daftari. Masoko mapya yasikamilike bila ya mahali hapo. Nne, bandari zetu ziweke nauli ndogo ya vyombo vitupu vinavyorudi, na vyombo vya bahari vinavyorudi Bara bila mzigo wa kutosha vivichukue. Tano, Halmashauri ya Kilosa na nyingine kama hiyo zipokee vyombo hivyo karibu na mashamba, visiishie Dar es Salaam.

Kwa wakulima wa karafuu wa Pemba tunaongeza neno. Karafuu hunyonya unyevu na harufu. Gunia lililobeba mbolea au dagaa jana haliwezi kubeba karafuu leo bila ya kuishusha daraja. Kujua gunia limetoka wapi na lilibeba nini ni sehemu ya ubora, na Shirika la ZSTC, lenye uzoefu wa miaka mingi katika magunia, lina nafasi ya kuwaonyesha wengine njia.

Na kwa wale watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya kreti na magunia, tunawakumbusha mtungi. Familia iliyoshauriwa kuacha kuni na kupikia gesi, kama ulivyoagiza mkakati wa taifa wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024, haiwezi kupika kwa mtungi ambao tupu yake haipokewi na muuzaji aliye karibu. Hospitali iliyo mbali na mji, iwe ya Berega au ya Micheweni, ikitegemea mitungi ya oksijeni, uhai wa mgonjwa wake wa kesho umo katika mtungi mtupu wa leo. Ukichelewa kupelekwa, ukipotea njiani, au ukilala katika ghala la mtu kwa kutokuandikwa, hakuna fedha itakayouleta usiku ule. Mwaka 2021, wakati wa maradhi ya Uviko-19, nchi nyingi duniani zilijifunza kwamba hewa yenyewe inaweza kupatikana, na mitungi ya kuibebea isipatikane.

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Madebe, matenga na kreti zilizorundikana nyuma ya masoko yetu hazivumi, zimenyamaza, na ndiyo maana tumezisahau. Tunamwomba kila mwenye madaraka, kabla ya kuidhinisha fedha za kununua vyombo vipya, aulize kwanza maswali matatu: vile vya zamani vilikuwa vingapi, viko wapi, na nani alivipokea mwisho. Kama hakuna awezaye kujibu, vipya navyo vitakwenda njia hiyo hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba chenyewe kiwepo.